Wachanaji wa Dundee: jinsi neno la kazi ya kitani lilivyogeuka kuwa neno la kumsumbua msemaji

Kisa na mipaka yake

Kiingereza kina kitenzi heckle. Leo anayekitumia anamzungumzia mtu aliyeketi katikati ya hadhira na asiyemwacha msemaji amalize: anamdakia, anamrushia swali la kumwaibisha, wakati mwingine anamzomea tu. Wachekeshaji wa jukwaani wanamjua mtu huyo, na wanasiasa wanamjua zaidi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka mia nne neno hilo halikuwa na habari na mikutano wala majukwaa. Lilikuwa neno la karakana, na maana yake ilikuwa kuchana nyuzi za kitani au katani kwa chanuo la miiba ya chuma.

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha karakana za kuchana kitani katika mji wa Dundee, mashariki mwa Scotland, mwanzoni mwa karne ya 19. Ndiko inakosemwa kwamba neno lilihamia kutoka kwenye nyuzi hadi kwa wasemaji. Simulizi hiyo hurudiwa mara nyingi kwa sentensi mbili au tatu, kisha msimuliaji anaendelea na mambo mengine. Tukiifungua pole pole tunakuta kwamba nusu yake imesimama imara na nusu nyingine inayumba.

Wafanyakazi na wenye karakana hawatajwi kwa majina. Waliotajwa ni watu wa kumbukumbu za umma tu, na ni pale ambapo mtiririko usingeeleweka bila wao.

Msimamo wangu ni huu. Kumfananisha mtu anayebanwa kwa maswali na nyuzi zinazochanwa ni jambo jepesi, na lugha nyingi zimelifanya bila msaada wa Dundee. Jambo adimu ni yale mazingira ya kazi na ya siasa yaliyoifanya sitiari hiyo imng'ang'anie mtu mmoja maalumu, yaani anayesimama mbele ya watu na kusema.

Mazingira

Tuanze na nyuzi. Kitani ni mmea mwembamba ambao haukatwi bali hung'olewa na mizizi yake, ili urefu wa uzi usipotee. Mabua hulowekwa majini au huachwa kwenye umande mpaka gamba lilegee, kisha hukaushwa, huvunjwavunjwa na kupurwa ili vijiti vitoke. Kinachobaki ni fungu la nyuzi zilizosokotana, zenye mabaki ya maganda na vifundo. Aliyewahi kuona singa za mkonge zikitoka kwenye korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, na kuanikwa kule Tanga au Korogwe ana picha nzuri ya hali hiyo, ila nyuzi za kitani ni laini zaidi na hujifunga zaidi.

Hapo ndipo mchanaji alipoingia. Mbele yake palikuwa na kipande cha mbao kilichosimikwa safu za miiba mirefu ya chuma yenye ncha kali. Alishika fungu la nyuzi kwa mkono, akalitupa juu ya miiba, akalivuta kuelekea kwake, akarudia tena na tena. Alianza na chanuo lenye miiba mikubwa iliyoachana, akaishia na lenye miiba myembamba iliyosongamana. Nyuzi ndefu zilibaki mkononi zikiwa zimenyooka na kung'aa, na fupi zilinasa kwenye miiba na kutengwa kwa kazi duni. Uzi mzima ulifunguliwa, ukapasuliwa katika nyuzi nyembamba zaidi, ukanyang'anywa kila kilichojificha ndani yake. Si ajabu mtu akiangalia kazi hiyo akamkumbuka shahidi anayehojiwa na wakili mkali.

Chanuo hilo halikuwa siri ya mafundi. Mshairi Robert Burns mwenyewe alikwenda mji wa Irvine mwaka 1781 kujifunza kazi ya kuandaa kitani, na hakudumu kwa sababu karakana iliteketea kwa moto katika sherehe za kuukaribisha mwaka mpya. Baadaye, katika shairi lake kuhusu maumivu ya jino, aliwatakia wale waliomcheka kwamba chanuo la kitani liwachome makalioni. Hakuhitaji kueleza chanuo ni nini, kwa maana kila msomaji wa Scotland alikijua kile chombo na alijua kinavyouma.

Dundee ulikuwa mji wa kitani kabla haujawa mji wa juti, zile nyuzi ngumu za kushonea magunia. Malighafi ilikuja kwa meli kutoka Riga na bandari nyingine za Baltiki na Urusi. Vitambaa vilivyotoka vilikuwa vya tanga za meli, vya magunia, na vile vya kiwango cha chini vilivyopelekwa Karibi na Marekani kuwavika watumwa wa mashamba makubwa. Viwanda vya kusokota kwa mitambo vilianza kuota mjini mwishoni mwa karne ya 18, na vilihitaji kitani kilichochanwa kwa wingi. Kwa muda mrefu kazi hiyo ilibaki ya mikono, na mikono yenyewe ilikuwa ya wanaume wenye ujuzi.

Mambo matatu kuhusu karakana hiyo yanahitaji kuwekwa wazi, kwa sababu simulizi za kawaida huyaruka.

La kwanza ni ukimya. Kuchana kwa mkono hakuna injini. Kuna mkwaruzo wa nyuzi juu ya miiba na kikohozi cha watu, kwa maana vumbi la kitani lilikuwa jingi na liliharibu vifua. Lakini sauti ya mtu ilisikika kutoka pembe moja hadi nyingine. Linganisha na mabanda ya kufuma juti ya mji huo huo katika miongo iliyofuata. Huko mitambo ilinguruma kiasi kwamba wanawake waliofanya kazi humo walizoea kusomana midomo na kupashana habari kwa ishara za mikono. Katika banda la namna hiyo hakuna anayeweza kumsomea mwenzake gazeti. Mtu akiniuliza kwa nini simulizi ni ya wachanaji na si ya wafumaji, jibu langu la kwanza ni hili, kabla hata hatujaingia kwenye siasa.

La pili ni nguvu ya mahali walipokaa katika mnyororo wa kazi. Kitani kisipochanwa hakisokotwi, na kisiposokotwa hakifumwi. Kundi dogo la mafundi liliweza kusimamisha mji, na lilijua. Wachanaji wa Dundee walikuwa na sifa ya kuwa wafanyakazi wakaidi na wenye msimamo mkali kuliko wengine wote mjini, waliojipanga pamoja kudai ujira na marupurupu yao.

La tatu ni kusoma. Sheria ya mwaka 1696 ilikuwa imeagiza kila parokia ya Scotland iwe na shule, na hata kama utekelezaji ulisuasua, fundi anayejua kusoma hakuwa kioja. Tatizo lilikuwa bei ya gazeti. Mwaka 1815 serikali ilipandisha ushuru wa muhuri hadi peni 4 kwa kila nakala, na gazeti likauzwa kwa kama peni 7. Fundi mmoja asingeweza kumudu bei hiyo kila mara, na dawa yake ilikuwa kuchangishana.

Mtiririko wa mambo

Neno lilianza safari yake kabla ya karakana hizi kushamiri, na hili lisisahaulike. Chanuo lenyewe linatajwa katika Kiingereza tangu mnamo 1300, na kitenzi cha kuchana kikafuata mwanzoni mwa karne ya 14. Jina la mfanyakazi, heckler, linaonekana katikati ya karne ya 15. Kisha, mwishoni mwa karne ya 18, kitenzi kinaanza kutumiwa huko Scotland kwa maana ya kumhoji mtu kwa ukali mpaka udhaifu wake utoke nje.

Wakati huo huo Dundee iliwaka kisiasa. Mnamo Novemba 1792, habari za mapinduzi ya Ufaransa zikiwa bado moto, wakazi walisimika mjini mti wa uhuru, alama ya kuyaunga mkono mapinduzi hayo. Mwaka uliofuata Thomas Fyshe Palmer, mhubiri aliyeishi Dundee, alihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka 7 kwa kusaidia kuchapisha tamko la chama cha marafiki wa uhuru. Mfumaji aliyeliandika tamko hilo, George Mealmaker, naye alihukumiwa mwaka 1798, akapewa miaka 14. Kwa hiyo wafanyakazi wa nguo wa mji huu walijua vizuri kwamba maneno yana bei.

Baada ya hapo ndipo simulizi yenyewe inapoanza. Katika karakana, mchanaji mmoja aliacha chanuo na kuwasomea wenzake habari za siku huku wao wakiendelea na kazi. Hawakumsikiliza kama wanafunzi wanavyomsikiliza mwalimu. Walimkatiza, wakahoji kilichoandikwa, wakagombana wao kwa wao, wakamtaka arudie. Hotuba ya waziri iliyochapishwa gazetini ilichanwa palepale juu ya miiba.

Mwaka 1832 mambo yalitoka nje ya karakana. Kabla ya sheria ya mageuzi ya uchaguzi ya mwaka huo Scotland nzima ilikuwa na wapiga kura kama 4,500 tu. Baada yake walifika 65,000 hivi, na Dundee ikapata mbunge wake yenyewe badala ya kushirikishwa na miji mingine. Fundi wa kawaida bado hakuwa na kura. Lakini wagombea walilazimika sasa kusimama hadharani mbele ya watu wengi, na hakuna aliyemzuia asiye na kura kuhudhuria na kufungua mdomo. Kura zenyewe zilitolewa kwa sauti mbele ya watu mpaka mwaka 1872, ilipopitishwa sheria ya kura ya siri. Katika uchaguzi wa namna hiyo, sauti ya asiye na kura haikuwa kitu kidogo.

Hapo desturi ikakomaa: mgombea anatoa hotuba, kisha wananchi wanamhoji. Kwa Scotland kitenzi heckle kikawa jina la kawaida la zoezi hilo. Mgombea alitegemea kuhojiwa, na aliyekwepa alionekana mwoga.

Hatua ya mwisho ilikuwa kuhama kwa neno kutoka Scotland kwenda Kiingereza cha kwingineko. Mwaka 1885 ndipo jina heckler linaonekana kwa maana ya mtu msumbufu mkutanoni. Mchanaji wa kitani alikuwa amelibeba jina hilo kwa zaidi ya miaka mia nne kabla ya kunyang'anywa.

Maamuzi na sababu zake

Mabadiliko ya maana husimuliwa kana kwamba neno linatembea lenyewe. Nyuma yake kuna watu walioamua kufanya mambo fulani.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa wachanaji kumtoa mwenzao kazini ili asome. Hili si dogo kwa watu wanaotegemea mikono. Kila fungu ambalo msomaji hakulichana lilikuwa pengo ambalo lazima mtu alizibe, kwa kumfanyia sehemu yake au kwa kukubali hasara. Walikubali kwa sababu gazeti lilikuwa ghali na muda wa kulisoma nyumbani haukuwepo. Tunajua kwamba mpango wa aina hii unawezekana na unadumu, maana tunauona mahali pengine kabisa. Katika viwanda vya sigara vya Havana, kuanzia mwaka 1865, wasokota sigara walimlipa msomaji kutoka mifukoni mwao akae juu ya kiti na kuwasomea wakati wa kazi. Huko nako mikono ilikuwa na shughuli, masikio yalikuwa huru, mahali palikuwa pakimya, na wenye mamlaka walianza kuingiwa na wasiwasi mapema.

Ila Dundee inasimuliwa na kitu cha ziada, nacho ni uamuzi wa pili: kumkatiza msomaji kuliruhusiwa. Wangeweza kuweka kanuni ya kunyamaza mpaka mwisho, kama kanisani. Badala yake usomaji na ubishi vilikwenda pamoja. Nadhani sababu ni ya kimazingira zaidi kuliko ya kifalsafa. Mtu anayerudia mwendo uleule wa mkono saa baada ya saa hawezi kushika hotuba ndefu kichwani mpaka imalizike ndipo aulize. Akisubiri, swali limeshapotea. Swali lake linatoka pale pale, kwa ufupi, na kwa sauti ya kutosha kumfikia msomaji aliye upande wa pili wa chumba. Hiyo ndiyo hasa sura ya swali la mkutanoni: fupi, la ghafla, lenye ncha.

Uamuzi wa tatu ulifanywa na wagombea, na mara nyingi haupewi uzito unaostahili. Wangeweza kuwakataa waulizaji, kuwafukuza au kuhutubia wenye kura peke yao. Walikubali kuhojiwa kwa sababu waliona faida. Mtu aliyepita salama katika maswali ya mafundi wa Dundee alikuwa ameonyesha mbele ya wapiga kura kwamba anaijua kazi aliyoiomba. Bila ridhaa hiyo ya jukwaani, kukatiza kungebaki fujo, na neno lisingepata heshima liliyokuwa nayo Scotland kwa miongo kadhaa.

Na upo uamuzi wa wenye viwanda, ambao haukuhusu lugha hata kidogo. Mafundi wachache wanaoweza kusimamisha mji ni gharama, na dawa ya gharama hiyo ilikuwa mashine. Katika karne ya 19 mitambo ya kuchana kitani iliingia viwandani, na vijana wasio na ujuzi wa miaka mingi waliweza kuihudumia. Juu ya hayo, tangu miaka ya 1830 Dundee ilianza kugeukia juti kutoka Bengali, iliyolainishwa kwa mafuta ya nyangumi. Karakana ya mikono na mdomo ikapoteza nafasi yake.

Matokeo

Kazi ilikufa na neno likabaki, lakini halikubaki na maana ile ile.

Kwa Scotland ya katikati ya karne ya 19 kumchana mgombea kulikuwa kumtoa ukweli. Swali lilikuwa kiini, na kelele ilikuwa chombo cha kulifikisha. Neno lilipoenea Uingereza nzima na Marekani, uzani ulihama. Waliolichukua hawakuwa na desturi ya maswali baada ya hotuba iliyokuwa imelilea, wala hawakuwa na karakana ya kuwakumbusha nyuzi. Walichokiona ni mtu anayekatiza, na kukatiza kukawa maana yenyewe.

Dundee yenyewe ilitoa mfano wa jinsi uzani ulivyohama. Mwaka 1908 Winston Churchill aliteuliwa waziri, na kwa kanuni za wakati huo alilazimika kugombea upya ubunge. Akashindwa Manchester, kisha akaja Dundee, ambako siku hizo wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume viwandani, na bado hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kura ya bunge. Mwanaharakati mmoja kutoka Ireland alimfuata kutoka mkutano hadi mkutano akiwa na kengele kubwa, akamtaka aombe radhi kwa maneno aliyoyasema juu ya wanawake waliodai kura. Kila Churchill alipofungua mdomo, kengele ililia. Katika mkutano mmoja alikata tamaa, akaaga, akaondoka. Tarehe 9 Mei alishinda kiti hata hivyo, akakishikilia mpaka 1922.

Kengele ile ilikuwa na sababu nzuri nyuma yake. Lakini haikuuliza kitu. Haikumpa msemaji nafasi ya kujibu na haikutaka jibu zaidi ya radhi. Fundi wa 1832 asiye na kura na mwanamke wa 1908 asiye na kura walisimama mahali pamoja kisiasa. Walichofanya hakikuwa kitu kimoja, ingawa leo kitenzi kimoja kinawabeba wote wawili. Mwishoni mwa mwaka huo huo bunge lilipitisha sheria ya mikutano ya hadhara, iliyofanya kuvuruga mkutano kwa makusudi kuwa kosa.

Uchambuzi: kinachosimama na kinachoyumba

Simulizi ya Dundee inayumba kwanza kwenye tarehe. Maana ya kuhoji kwa ukali ilikuwepo Scotland mwishoni mwa karne ya 18, kabla ya kipindi ambacho wachanaji wa Dundee wanasifiwa kulizaa neno. Mtoto hawezi kumtangulia mama.

Inayumba zaidi kwenye sarufi, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Simulizi inadai kwamba watu fulani, wachanaji, walikuwa wabishi, kwa hiyo ubishi wao ukaitwa kwa jina lao. Kama ndivyo, jina la mtu ndilo lingehama kwanza: mkutanoni mtu akikatiza, jirani yake angesema, "huyo ni mchanaji", na kitenzi kingefuata baadaye. Rekodi inaonyesha kinyume chake. Kitenzi kilihamia kwa watu katika karne ya 18, na jina la mtendaji likapata maana mpya mwaka 1885, wakati wachanaji wa mikono walikuwa wamekaribia kutoweka. Kilichoazimwa ni kitendo cha chanuo. Tabia ya wanaume wa Dundee haikuwa chanzo.

Majirani wa lugha wanathibitisha. Kiholanzi kina hekelen, ndugu wa neno hili, ambalo ni kuchana kitani na pia ni kumkosoa mtu vikali, hata shairi la kejeli limepata jina kutoka humo. Wajerumani kutoka hecheln wamepata kitenzi cha kumsema mtu mpaka asibaki na siri. Kiingereza chenyewe kina tease, lililokuwa kuchambua sufu kabla ya kuwa kumchokoza mtu. Sisi tunachambua pamba, tunachambua mchele, tunamchambua mtu asiyekuwepo barazani, na uandishi huu wenyewe tunauita uchambuzi. Vijana wa Dar es Salaam wanapomchana mtu makavu hawajawahi kusikia habari za Dundee. Mkono unaotenganisha nyuzi umezaa maneno ya kukosoa popote watu walipofanya kazi hiyo. Hakuna haja ya kuutafutia mji mmoja.

Baada ya kusema hayo, nisieleweke kwamba karakana ile ni hadithi ya kutupwa. Angalia maneno yale ndugu yalipoishia. La Kiholanzi liliishia kwenye maandishi ya kejeli. La Kijerumani liliishia kwenye umbeya. Tease lilibaki kati ya watoto, wapenzi na ndugu. La Scotland peke yake lilimfuata mtu jukwaani na kukaa naye. Sitiari haiwezi kueleza tofauti hiyo, kwa sababu sitiari ni ile ile. Kinachoieleza ni yale yaliyotangulia kutajwa: chumba kimya, mikono yenye kazi na midomo huru, gazeti la gharama linalosomwa kwa sauti, ruhusa ya kukatiza, na kisha uchaguzi wa hadharani ambamo asiye na kura alikuwa na sauti tu. Wachanaji hawakuitunga maana ya kuhoji. Waliikuta mtaani, wakaipa mahali pa kufanyia mazoezi na mtu wa kuielekezea. Na kwa kuwa kazi yao ilikuwa na jina lile lile, sitiari iliyokuwa imechoka ikapata uhai: anayeuliza mkutanoni jioni alikuwa kweli ameshinda akichana.

Kama zoezi la kisiasa, lile la karakana lilifanikiwa kwa muda wote ambao pande mbili zililihitaji. Muulizaji alihitaji jibu, na mgombea alihitaji kuonekana amejibu. Lilivunjika upande mmoja ulipoacha. Wagombea walipojifunza kuhutubia kupitia magazeti ya bei rahisi, baada ya ushuru wa muhuri kushushwa hadi peni 1 mwaka 1836 na kufutwa mwaka 1855, hawakulazimika tena kupita kwenye maswali ili wafahamike. Ni kinaya, kwa sababu ushuru uliowakusanya wachanaji kuzunguka nakala moja ulipoondoka, kila mtu aliweza kusoma peke yake, na msomaji wa peke yake hana wa kumkatiza.

Anayeandika kamusi au kutafsiri habari za uchaguzi wa Scotland wa karne ya 19 anapaswa kuwa mwangalifu na kuzomea. Kuzomea ni sauti ya umati na haidai jibu. Kunafaa kwa kengele ya 1908, na kwa mlevi anayemsumbua mchekeshaji ukumbini. Kwa mgombea wa miaka ya 1840 anayesimama baada ya hotuba yake na kusubiri maswali ya mafundi wasio na kura, kumbana kwa maswali kunakaribia zaidi, na kumchambua mbele ya watu si mbali. Mimi ningeandika fasili mbili zenye tarehe zake, na simulizi ya msomaji wa karakana ningeiweka chini ya fasili ya kwanza, kwa maneno kwamba huko neno lilizoezwa. Nisingeandika kwamba huko ndiko lilikozaliwa.